UPANDE WA NYUMA WA KADI: Lugha za Kigeni katika Picha za Wachezaji wa Zamani

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuitafuta historia ya lugha katika kamusi, katika vitabu vya sarufi na katika tenzi za wahenga. Ni mara chache tunapokumbuka kuitafuta katika vikaratasi ambavyo watoto huvichezea na kisha kuvitupa. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji habari za vikaratasi vya namna hiyo, yaani kadi zenye picha za wachezaji mashuhuri, na hasa zile zilizochapishwa kwa lugha nyingine nje ya nchi zilikoanzia.

Wako watu wazima, tena wenye elimu na shughuli zao, wanaozikusanya kadi hizo kwa bidii kubwa. Mtu mmoja huweza kuwa na picha ya mchezaji fulani yenye maelezo ya Kiingereza, naye asiridhike mpaka apate picha ile ile yenye maelezo ya Kifaransa au ya Kihispania. Asiyelijua jambo hili ataliona kuwa ni utoto. Lakini tukizigeuza kadi hizo na kuzisoma kwa makini, tutaona kwamba zinatoa ushahidi juu ya mambo mazito: ni nani aliyehesabiwa kuwa msomaji, ni lugha ya nani iliyopewa nafasi, na ni nani aliyesahauliwa na watu wa kwao akakumbukwa na wageni.

Asili ya kadi

Kadi za wachezaji zilienea nchini Marekani katika miaka ya 1880. Sigara za siku zile ziliuzwa katika pakiti laini, nazo zilivunjika upesi. Watengenezaji wakatia ndani ya kila pakiti kipande cha karatasi ngumu ili kuikaza. Baadaye wakaona kwamba kipande hicho kinaweza pia kubeba picha, na kwamba mnunuzi akishapata picha moja atatamani kuzipata zote. Mwaka 1887 kampuni ya Allen & Ginter ya mji wa Richmond, Virginia, ilitoa mfululizo wa picha za mabingwa wa michezo mbalimbali, wakiwamo mabondia na wachezaji wa besiboli. Kutoka kwa wauza sigara desturi hiyo ikahamia kwa wauza peremende, na kutoka kwao ikafika kwa wauza ubani wa kutafuna.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua mchezo wa besiboli, tuseme kwa ufupi kwamba ni mchezo wa mpira mdogo na gongo. Mrushaji huurusha mpira kwa nguvu, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, na wenziwe wengine hutawanyika uwanjani kuungoja mpira. Mpigaji akiupiga ukapita mpaka wa uwanja, huzunguka vituo vyote vinne bila ya kuzuiwa, na hilo ndilo pigo linaloshangiliwa kuliko yote. Mchezo huu hupendwa sana Marekani, Kanada, Kuba, Venezuela na Japani.

Kadi ya mchezo huo ina pande mbili, kila upande na kazi yake. Mbele pana picha na jina la mchezaji. Nyuma pana maneno na tarakimu: mahali na mwaka aliozaliwa, mkono anaoutumia, timu alizochezea, idadi ya mapigo yake, na pengine kisa kifupi cha maisha yake. Picha husomwa na kila mtu mwenye macho. Maneno ya nyuma yana mipaka, kwani humhitaji msomaji wa lugha fulani. Kwa sababu hiyo, kadi inapovuka mpaka wa nchi, picha hubaki ile ile, na linalobadilika ni upande wa nyuma. Huko ndiko mwanahistoria wa lugha anakopaswa kutazama.

Kadi za Montreal

Kampuni ya Goudey ya mji wa Boston ilitoa mwaka 1933 mfululizo wa kadi za besiboli ambao hadi leo husifiwa kwa uzuri wa rangi zake. Mwaka ule ule kampuni ya World Wide Gum ya Montreal, iliyohusiana na Goudey, ilitoa mfululizo wa kadi 94 kwa ajili ya Kanada. Picha zilikuwa za mtindo ule ule, lakini nyuma palitokea jambo jipya. Kadi hizo zilichapishwa kwa namna mbili: nyingine zilikuwa na maelezo ya Kiingereza peke yake, na nyingine zilikuwa na Kiingereza na Kifaransa pamoja.

Hebu tuifikirie hali ya mji ule. Montreal ni mji mkubwa wa jimbo la Quebec, na wakazi wengi wa jimbo hilo husema Kifaransa tangu enzi za babu zao waliohamia huko kutoka Ufaransa katika karne ya 17 na ya 18. Hata hivyo, katika miaka ya 1930 biashara kubwa ya mji huo iliendeshwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kifaransa angeweza kusoma lugha yake shuleni na kanisani, lakini akiingia dukani au kiwandani alikutana na lugha nyingine. Kwa hiyo kadi ya senti moja iliyomweleza habari za Babe Ruth kwa Kifaransa haikuwa kitu cha kudharauliwa. Aliyeitoa alikuwa mfanyabiashara, wala hatudhani kwamba alikuwa na nia ya kuitetea lugha ya mtu. Alitaka kuuza ubani. Lakini katika kutaka kuuza, alilazimika kukiri kwamba mnunuzi wake ana lugha yake.

Mwaka 1936 kampuni hiyo hiyo ilitoa mfululizo mwingine, wa picha zisizokuwa na rangi, na miongoni mwake imo kadi ya Joe DiMaggio, ambaye mwaka huo ndio kwanza alianza kuichezea timu ya Yankees ya New York. Kwa hiyo anayetaka kadi ya mchezaji huyo ya mwaka wake wa kwanza hujikuta akisoma Kiingereza na Kifaransa vikiwa bega kwa bega.

Jina la ndege

Kampuni iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote nchini Kanada ni O-Pee-Chee ya mji wa London, jimbo la Ontario. Iliundwa mwaka 1911 na ndugu wawili wa ukoo wa McDermid. Jina lake huwashangaza wengi, kwani si la Kiingereza wala la Kifaransa. Linatokana na neno la Kiojibwe, lugha ya mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na maana yake ni ndege mdogo mwenye kifua chekundu anayeonekana majira ya kuchipua.

Mwaka 1958 O-Pee-Chee ilipatana na kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York. Wasomaji wetu hawaijui Topps kwa jina, lakini wengi wamewahi kuitafuna bidhaa yake au jina la bidhaa yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Topps ilianza kuuza ubani ulioitwa Bazooka. Na huko Tanzania watoto wa vizazi kadhaa waliuita ubani wowote wa kutafuna *bazoka*. Jina la mali ya kampuni moja limegeuka kuwa jina la kitu chenyewe, nasi tumelipokea bila ya kuuliza lilikotoka.

Tangu mwaka 1965 O-Pee-Chee ilichapisha kila mwaka kadi za besiboli zilizofanana sana na zile za Topps. Mwanzoni maelezo yalibaki kwa Kiingereza, na tofauti kubwa ilikuwa maneno madogo ya kuonyesha kwamba kadi ilichapishwa Kanada. Mabadiliko yalikuja mwaka 1970. Kadi 546 za mwaka huo zilikuwa na maelezo ya Kiingereza na ya Kifaransa upande wa nyuma.

Kwa nini mwaka 1970? Kanada ilikuwa imepita katika mjadala mkali juu ya lugha. Mwaka 1963 serikali iliunda tume ya kuchunguza hali ya lugha mbili na tamaduni mbili nchini, na mwaka 1969 ikapitishwa sheria iliyofanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi zenye haki sawa katika serikali kuu. Ni vema tuangalie hapa tusikosee. Sheria hiyo iliwafunga watumishi wa serikali kuu. Haikuwafunga wauza ubani. Lakini sheria ya lugha, ikiwa imeungwa mkono na watu, huenda mbali kuliko maandishi yake. Hewa ya nchi ilikuwa imebadilika. Zaidi ya hayo, mwaka huo huo wa 1969 timu ya Expos ya Montreal ilikuwa ya kwanza kutoka nje ya Marekani kuingia katika ligi kuu ya besiboli. Sasa palikuwa na wasomaji wa Kifaransa waliokuwa na timu yao wenyewe, na kila mechi ilihitaji kusimuliwa kwa lugha yao. Mwaka 1971 ikafuata sheria iliyohusu maandishi ya bidhaa zinazouzwa madukani, na mwaka 1977 jimbo la Quebec likatunga sheria yake kali ya kukilinda Kifaransa. Kwa hiyo anayezipanga kadi za Kanada kwa miaka huweza kuifuata historia hiyo yote kwa kidole chake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hatuna budi kulitaja. Katika kadi hizo lugha mbili zilipewa nafasi, nazo zote mbili zilitoka Ulaya. Lugha ya tatu, ile ya wenyeji, ilitoa jina la kampuni lililochapishwa mara zisizohesabika, lakini haikupewa hata mstari mmoja wa maelezo. Neno lake likatamkwa na watoto wa nchi nzima, na wengi wao hawakujua kwamba wanamtaja ndege. Sisi ambao tumeona lugha za Afrika zikitoa majina ya hoteli, ya bia na ya mabasi, huku barua za ofisini zikiandikwa kwa lugha nyingine, tunalielewa jambo hili bila ya kuelezwa sana.

Namna ya kuzitambua

Msomaji atauliza: kama picha ni ile ile, kwa nini mkusanyaji asumbuke? Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, kadi za Kanada zilichapishwa kwa idadi ndogo kuliko za Marekani, na kitu adimu hutafutwa. Mfano ulio mashuhuri ni wa Wayne Gretzky, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni. Kadi yake ya msimu wa 1979-80 ilitolewa kwa namna mbili: ya Topps yenye Kiingereza tu, na ya O-Pee-Chee yenye lugha mbili. Mchezaji ni yule yule na picha ni ile ile. Lakini kadi moja ya O-Pee-Chee iliyohifadhiwa bila ya dosari yoyote iliuzwa mwezi Mei 2021 kwa dola za Marekani milioni 3.75. Wale wanaodhani kwamba toleo la lugha ya pili ni nakala ya daraja la chini wanapaswa kuutafakari mfano huu.

Pili, kadi za Kanada hazikuwa nakala tupu. Mara nyingine zilichapishwa baada ya zile za Marekani, na kwa hiyo ziliweza kutoa habari mpya zaidi. Mchezaji aliyehamia timu nyingine aliandikiwa maneno machache ya kuonyesha timu yake mpya. Mwaka 1972 Gil Hodges, mwalimu wa timu ya Mets ya New York, alifariki ghafla tarehe 2 Aprili. Kadi yake ya Topps haikusema neno. Kadi ya O-Pee-Chee ilitaja kifo chake pamoja na tarehe. Kijikaratasi cha ubani kikawa tangazo la msiba.

Mkusanyaji mzoefu huanza kwa kuigeuza kadi na kutazama lugha, kisha husoma maandishi madogo ya chini yanayotaja mchapaji na nchi. Baada ya hapo hutazama karatasi yenyewe na rangi yake, na mwishowe hupapasa kingo. Kadi nyingi za O-Pee-Chee za zamani zina kingo zenye nyuzinyuzi, kana kwamba zilikatwa kwa kisu butu. Mtu mwingine ataiona hiyo kuwa ni aibu, lakini kwa mkusanyaji ni alama ya kuzaliwa.

Hata mpango wa kuzitaja kadi hizi una historia yake. Aliyeuanzisha ni Jefferson Burdick wa Syracuse, katika jimbo la New York, mtu wa mapato madogo aliyesumbuliwa na maradhi ya viungo. Alitunga orodha kubwa ya kadi za Marekani na jirani zake, akazipa herufi kulingana na asili yake. Herufi V ikawa ya kadi za peremende na ubani za Kanada. Mkusanyiko wake, wenye vipande zaidi ya 300,000, na kati yake kadi zaidi ya 30,000 za besiboli, aliutoa bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliitumia kuzibandika kadi zile katika vitabu kwa mikono iliyokuwa ikimuuma. Alimaliza kazi mwezi Januari 1963, akafariki mwezi Machi mwaka huo huo.

Venezuela: kadi zilizokufa kwa gundi

Kutoka Kanada tuelekee kusini, kwani Topps ilikuwa na wanunuzi huko pia. Kuanzia mwaka 1959 na katika miaka ya 1960, kadi za mtindo wa Topps zilitolewa nchini Venezuela. Nchi hiyo huupenda mchezo wa besiboli kama watu wetu wanavyoupenda mpira wa miguu, na watoto wake huziita kadi hizo *barajitas*. Matoleo kadhaa yalibaki na Kiingereza nyuma, lakini toleo la mwaka 1962 lilichapishwa kwa Kihispania.

Toleo hilo lina jambo la kuvutia. Lilikuwa na kadi 198, zikifuata hesabu ya zile za Marekani, isipokuwa mwishoni. Kadi namba 197 na 198 ziliachwa, na mahali pake wakawekwa wana wawili wa Venezuela, Elio Chacón na Luis Aparicio, wakiwa na namba zao za toleo la Marekani zilizoruka mbali na mfuatano. Aparicio, mzaliwa wa Maracaibo, alikuja kuwa Mvenezuela wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli mwaka 1984. Mchapaji alitambua kwamba mtoto wa Caracas hawezi kuridhika na mfululizo wa wageni watupu. Tafsiri ilianza na maneno ya nyuma, ikaishia kwa kuwabadilisha watu wa mbele.

Kadi hizo za Venezuela zilizobaki salama ni chache mno. Watoto walizibandika kwa gundi katika vitabu maalumu, na aliyezibandua baadaye alizichana nyuma. Kwa hiyo sehemu iliyoharibika zaidi ni ile ile yenye maandishi ya Kihispania. Mkusanyaji huweza kumwona mchezaji wazi kabisa, akaigeuza kadi, na asipate neno la kusoma.

Waliokumbukwa kwa lugha ya wengine

Sasa tumefika penye uzito wa makala haya. Ligi kuu za besiboli za Marekani ziliwafungia mlango wachezaji weusi kwa miaka zaidi ya hamsini. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoichezea timu ya Dodgers ya Brooklyn; naye mwaka uliotangulia alikuwa ameandaliwa katika timu ya Montreal, ule mji wa lugha mbili tuliokwisha kuutaja. Kabla ya hapo Wamarekani weusi walikuwa na ligi zao wenyewe. Walicheza kwa ustadi mkubwa, lakini kampuni za sigara na za ubani ziliwapita kama hawapo. Mtu anaweza kuzipekua kadi zote za Goudey za mwaka 1933 asimwone hata mmoja wao.

Je, picha zao zilipatikana wapi? Zilipatikana katika kadi za Kihispania. Wakati wa baridi, mchezo uliposimama kwao, wachezaji hao walikwenda Kuba na nchi nyingine za visiwani, ambako weusi na weupe walicheza pamoja. Msimu wa 1923-24 timu ya Santa Clara ya Kuba ilikuwa na Oscar Charleston, mzaliwa wa Indianapolis, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wachezaji bora wa zama zote. Picha yake ilichapishwa huko katika kadi za sigara za Billiken. Nchini kwake hakuna pakiti ya sigara iliyombeba.

Mfano wa pili unasikitisha zaidi. Josh Gibson, mpigaji mwenye nguvu za ajabu, alicheza pia Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani lakini kinachosema Kihispania. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 35, chini ya miezi mitatu kabla ya mlango ule kufunguliwa. Katika mfululizo wa kadi za Puerto Rico ulioitwa *Toleteros*, wa msimu wa 1950-51, Gibson alipewa kadi ingawa alikwisha kufa. Hadi leo kadi hiyo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji. Marekani ilimwingiza katika jumba la heshima mwaka 1972. Mwezi Mei 2024 takwimu za ligi za watu weusi zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu, ilionekana kwamba Gibson ndiye mwenye wastani wa juu wa mapigo katika historia nzima ya mchezo, 0.372, akimpita Ty Cobb mwenye 0.367.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alikataa kuona, na mgeni ndiye aliyeweka kumbukumbu. Laiti wakusanyaji wangeshikilia kadi za Kiingereza peke yake, sura za watu hawa zingebaki nje ya mikusanyiko yao, na mtu angeweza kuamini kwamba hawakuwahi kuwako.

Wapenzi wa mpira wa miguu nao wanao mfano wao. Pelé alipotwaa Kombe la Dunia nchini Uswidi mwaka 1958, akiwa na miaka 17 tu, kampuni ya Alifabolaget ya huko ilichapisha kadi yake yenye maelezo ya Kiswidi. Leo kadi hiyo ya Mbrazili, iliyoandikwa kwa lugha ambayo yeye hakuijua, ni miongoni mwa kadi zake zinazothaminiwa sana.

Funzo kwa mwalimu

Tunadhani mambo haya yana faida katika darasa la Kiswahili, hasa kwetu sisi tunaofundisha katika nchi ambamo lugha yetu inakaa pamoja na Kifaransa au Kiingereza, na pamoja na lugha za mama za wanafunzi wetu.

Faida ya kwanza ni katika uundaji wa istilahi. Wafasiri wa besiboli walikutana na vitu visivyokuwa na majina katika lugha zao, nao walifuata njia ambazo sisi tunazijua. Pigo lile kubwa la kuzunguka vituo vyote, Wahispania wa visiwani walilitohoa kutoka Kiingereza wakaliita *jonrón*; Wafaransa wa Quebec wakalitafsiri kwa maana yake, *coup de circuit*, yaani pigo la mzunguko. Mchezaji anayelinda sehemu ya mbali ya uwanja waliita, kwa Kihispania, *jardinero*, yaani mtunza bustani, kwa sababu husimama penye majani. Wafaransa walimwita *voltigeur*, jina la askari mwepesi wa miguu wa siku za Napoleon. Kitu ni kimoja. Mmoja ameona bustani, mwingine ameona vita. Na sisi je? Tunasema *golikipa* na pia *mlinda mlango*. Tunasema *penalti* na pia *mkwaju*. Mwanafunzi akiyaona hayo ya wengine, hatafikiri tena kwamba kutohoa ni umaskini wa lugha au kwamba kutafsiri ni ukaidi. Ataona kwamba kila lugha hai hufanya yote mawili.

Faida ya pili ni kumzoeza mwanafunzi kusoma kikaratasi kama hati ya historia. Sisi hatuna kadi za besiboli, lakini tunazo hati zetu. Achukue noti ya fedha. Noti za Kongo huandika thamani yake kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, pamoja na Kifaransa. Noti za Uganda zilizotolewa kuanzia mwaka 2010 zina maneno ya Kiswahili karibu na yale ya Kiingereza. Achukue pia kasha la dawa, tiketi ya basi, mfuko wa sukari, na karatasi ya sabuni. Amwulize mwalimu wake, na ajiulize mwenyewe: ni lugha gani imeandikwa kwa herufi kubwa, na ipi kwa ndogo? Ipi inaeleza hatari, na ipi inasifu bidhaa? Ni lugha gani imetoa jina tu, kama ile ya Waojibwe, isipewe maelezo? Aandike na mwaka, kwani andiko lisilokuwa na mwaka ni shahidi asiyejua siku ya tukio.

Tena tungependa walimu wenzetu wavihifadhi vikaratasi hivyo, japo vichache, katika bahasha kavu, bila ya gundi. Watoto wa Venezuela walizibandika kadi zao kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo wakayaziba maneno ya Kihispania yaliyokuwa nyuma. Sisi tuliokwisha kuonywa na mfano wao hatutakuwa na udhuru, siku mjukuu atakapotuuliza Kiswahili kiliandikwaje katika vitu vya kila siku vya zama zetu, tukimwonyesha picha upande mmoja, na upande wa pili tusiwe na kitu cha kumsomea.